Walichoma Nini

Jirani anachoma mabua ya alizeti, na moshi wake umenirudisha darasani, katika kijiji cha ujamaa tulichohamishiwa. Mwalimu alikuwa anatufundisha kwamba vitenzi vingine vya Kiingereza havijitoshelezi. Lazima utaje kinachotendwa. Akanisimamisha nitunge sentensi.

"They burned," nikasema.

"Walichoma nini, binti? Malizia."

"They burned our house, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Tembe za wenzangu nazo zilichomwa na watu wa serikali siku ya kuhama, ili tusirudi. Mwalimu akaiandika sentensi yangu ubaoni.

"Ni sahihi," alisema taratibu. "Nakilini."

Tulinakili. Alipomwona mwalimu mkuu anakuja, aliifuta kwa kiganja, akaandika nyingine, ya mama anayepika ugali.