Mifupa Niliyoiosha Katika Beseni Moja

Kazi yangu ni kutunza depo la vifaa vya ujenzi hapa Bunia. Kila kitu humo kina karatasi yake: misumari kwa urefu, bati kwa unene, bawaba kwa upande zinakofungukia. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana, na sikumbuki kumpa mteja boliti isiyolingana na nati yake. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa nitakalolisimulia halikufanywa na mtu mzembe. Lilifanywa na mtu aliyezoea kuaminiwa, na nadhani hilo ni baya zaidi.

Nyuma ya depo, pembeni mwa mifuko ya simenti, nina rafu ya visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka kuwa mawe. Hakuna aliyenifundisha. Nilinunua sokoni kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, nikakisoma pamoja na kamusi. Sura tatu nilizisoma mpaka karatasi zikalegea: ya wanyama wanyonyeshao waliovaa deraya ya mfupa, ya jamaa za kale za mamba, na ya dinosaria wawindaji. Kitabu kilinifundisha kuangalia jambo moja baada ya jingine. Kipande cha deraya kina vishimo au kina michoro kama ua? Jino ni la mviringo au limebanwa kama kisu? Makali yake ni laini au yana msumeno?

Nilikosea tangu mwanzo. Kipande cha kwanza cha deraya nilichokipata nilikiandika kuwa cha mnyama anyonyeshaye, nikakaa nacho hivyo karibu mwaka, mpaka nilipofaulu kuutafsiri ukurasa unaoeleza kwamba wale wakubwa wa kundi hilo waliishi Amerika. Changu kilikuwa cha mamba. Nilifuta, nikaandika upya, nikajipongeza kwa kuwa mtu wa kukubali kosa. Lakini kosa lile halikumgusa mtu yeyote.

Mzee mmoja aliniletea mifupa yake baada ya kukimbia vita Djugu. Alikuwa mkulima, na kabla ya kulima alikuwa amechimba dhahabu miaka mingi. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, juu ya korongo ambalo mvua ilikuwa ikilila kila mwaka na kutoa mifupa. Juu kulikuwa na udongo mweupe, chini yake mwamba mwekundu. Aliiokota kidogo kidogo, na siku ya kukimbia akaubeba mfuko ule begani. Mke wake alikuwa hajamsamehe.

“Benzake babeba unga,” mama huyo aliniambia mara ya kwanza tulipokutana. “Wangu abeba mawe. Batoto balilia njaa, yeye anauliza kama mawe haikupasuka.”

Mzee alicheka tu. Vipande vilikuwa kumi na saba, na kila kimoja kilikuwa kimefungwa kwa ukanda mkavu wa mgomba. Alishika kimoja, akanionyesha ukanda, akaanza kunieleza namna alivyofunga. Ilikuwa saa ya wateja. Nilimwambia aache, kwamba mimi ndiye ninayejua namna ya kuvitunza vitu hivi. Aliniachia mfuko akaenda.

Jumapili, baada ya misa, nilikata kanda zote kwa mkasi, nikazitupa jikoni, nikatia vipande vyote kumi na saba katika beseni moja la maji na kuvisugua kwa mswaki. Udongo ulipotoka nilifurahi. Mfupa safi unaonyesha vishimo vyake vizuri. Kisha nikaanza kuandika karatasi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kipi kilitoka kwenye udongo mweupe na kipi kwenye mwamba mwekundu. Ningeweza kumngoja mzee nimuulize. Badala yake niliangalia rangi na uzito: vyepesi nikavipa udongo mweupe, vizito na vyeusi nikavipa mwamba mwekundu, na niliposita nikaandika mweupe. Hakuna karatasi hata moja niliyoiacha wazi. Mtunza depo haachi karatasi wazi.

Mwanajiolojia mmoja wa chuo kikuu, mwanamke wa makamo, alifika Bunia kuorodhesha mahali penye visukuku. Alikuwa na ruhusa ya kwenda upande wa mteremko pamoja na wanajeshi, na alitafuta mtu wa huko wa kuiongoza timu yake. Nilimtaja mzee. Alipoipata habari hiyo, mzee alibadilika kabisa. Angeona kama mikahawa yake bado imesimama. Angechimbua cherehani ambayo mke wake aliifunga kwa plastiki na kuifukia nyuma ya jiko. Kwa cherehani ile mama angeshona sare za shule hapa mjini na kuacha kupanga foleni ya unga. Alikuja deponi kila asubuhi kuuliza kama Madame, ndivyo tulivyomwita mwanajiolojia, amekwisha fika. Wapakizi wetu walimtania kuhusu safari hiyo na wanajeshi.

“Muzee, mu jeep ya basoda utaikala mbele ao nyuma?”

“Mbele. Dreva iko anajua njia ya kwetu? Haijui.”

Siku mwanajiolojia alipofika deponi, mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Wapakizi walikuwa wamekaa juu ya mifuko ya simenti. Mwanajiolojia alishika jino moja lililobanwa, lenye msumeno pande zote mbili, akalitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Alinieleza kwa Kifaransa kwamba jino kama hilo haliwezi kuhukumiwa kwa umbo pekee. Likitoka kwenye mwamba mwekundu, ambao ni wa kale sana, laweza kuwa la dinosaria mwindaji. Likitoka kwenye udongo mweupe, lazima liwe la mnyama mwingine, labda jamaa fulani ya mamba. Tabaka ndilo linaloamua. Kisha akachukua kipande cha deraya nilichokiandikia udongo mweupe, akachokonoa kishimo kimoja kwa sindano, na chembe nyekundu zikaanguka kwenye karatasi yangu.

“Aliyekusanya vitu hivi amechanganya matabaka,” alisema. “Ni nani?”

Nililiona beseni akilini. Naweza kuapa kwamba nililiona, na mswaki juu yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Nikamwambia kwa Kifaransa kizuri, kilekile nilichojifunza kwa ajili ya mifupa, kwamba ni yule mzee aliye mlangoni, kwamba hakusoma, na kwamba mimi niliandika alichoniambia. Nilimwonyesha kwa mkono. Mzee hakujua Kifaransa. Alipoona namtaja, alitabasamu na kuinamisha kichwa.

Mwanajiolojia alimsalimia kwa heshima, akapiga picha chache, akaondoka. Jioni aliniarifu kwa simu kwamba hawezi kuwapeleka watu kwenye njia ya hatari kwa neno la mtu asiyejua alipookota kitu, na kwamba ataanzia upande wa Mahagi. Nilimjibu kwamba namwelewa.

Kati ya wapakizi kulikuwa na mmoja aliyemaliza sekondari, naye alikielewa Kifaransa changu. Kabla ya mwisho wa juma walikuwa wanamwita mzee Papa Changanya. Mzee alikuja kwangu Jumatatu, bila kofia.

“Ulisema nini kwa ule mama?”

Nilimwambia kwamba kulikuwa na shida ya matabaka. Aliomba kuona mfuko. Nilimletea masanduku. Aligeuza kipande kimoja, akageuza kingine, akatafuta chini ya sanduku.

“Mafundo yangu iko wapi?”

Hapo ndipo alipomaliza maelezo niliyoyakatiza siku ile. Kule machimboni, timu nyingi huosha kokoto zao kwenye mto mmoja. Ili mfuko wa shimo hili usije ukaoshwa kwa jina la shimo lile, kila mfuko hufungwa kwa mafundo yake, na hakuna anayefungua mpaka mwenye shimo awepo. Yeye alifunga mifupa kwa desturi hiyo. Fundo moja ni udongo mweupe. Mafundo mawili ni mwamba mwekundu. Vipande kumi na saba, na kwa miaka yote hiyo hakikukosewa hata kimoja, hata njiani alipokuwa akikimbia.

“Niliikata,” nilisema. “Nikaosha yote mu beseni moja. Papa, miye njo nilichanganya.”

Alikirudisha kipande sandukuni. Niliongeza kwamba ningemwandikia Madame.

“Ule iko mbali,” alisema. “Anza na bale ba hapa. Sema vile ulisema sasa, sema mbele yabo.”

Wapakizi walikuwa uani wakishusha bati. Nilitoka, nikawaomba wasimame, nikasema yote: kanda, mkasi, beseni, karatasi nilizozijaza kwa kubahatisha, na maneno niliyoyasema kwa Kifaransa huku yeye akitabasamu. Nilidhani watacheka. Mmoja tu alicheka, kidogo, kisha akaona haya. Yule wa sekondari aliuliza, “Patron, kwa nini haukusema siku ile?”

Barua kwa mwanajiolojia niliituma siku hiyohiyo. Alijibu baada ya siku nane, kwa upole. Alinishukuru kwa ukweli, akasema timu imekwisha kuanza kazi kaskazini, huko Mahagi, na ruhusa ya kwenda kwenye mteremko imefutwa kwa sababu mapigano yamerudi.

Nilimpelekea mzee habari hiyo kule kwenye site, yaani kambi ya watu waliokimbia, nikiwa nimebeba masanduku ili nimrudishie mali yake. Mke wake alisikiliza habari ya ruhusa, akaingia ndani ya hema bila kunisalimia. Mzee alitandika gunia chini, akapanga vipande vyote na kuanza kuvitenganisha. Alivinusa, akavipima mkononi. Vitano aliviweka kulia, akasema ni vya chini, alikumbuka siku ya kila kimoja. Vinne kushoto, vya juu. Vilivyobaki alivisogeza katikati.

“Hii sijue.”

Jino la msumeno alilishika kwa muda mrefu kuliko yote. Nilimwambia kwamba Madame angelitaka hilo hasa, na kwamba likiwa la mwamba mwekundu, labda siku moja atarudi kumtafuta mtu aliyeliokota. Nilikuwa nataka sana aliweke kulia.

“Nafikiri ni ya chini,” alisema. “Lakini fundo haiko. Andika haijulikane.”

Nikachukua kalamu, nikaandika.