Kitovu cha Benki

Siku moja ya baridi naikumbuka vizuri, mwanangu. Nimesimama ukumbini hapa Barking, huku ughaibuni, simu sikioni, namharibia mdogo wangu kesi kwa ujuaji wangu.

Zuwena aliolewa Marekani, akawa raia wa kule. Benki ikampigia mnada nyumba aliyolelea wanawe, kwa kumchanganya na mdaiwa mwingine. Wakili wake akataka waende mahakama ya shirikisho, ambayo husikiliza magomvi ya watu wa majimbo mawili tofauti.

"Majimbo mawili yepi?" nikamuuliza. "Si uliniambia benki hiyo ina mlango mtaani kwako?"

"Inao, dada. Na mwingine sokoni."

"Basi ni jirani yako, jimbo moja. Wakili anakuzuga. Mwambie aache."

Mie darasa la nne sikulimaliza. Lakini nilikuwa dada mkubwa, na kwetu Makunduchi neno la mkubwa halirudishwi. Zuwena akamwambia wakili aache.

Jumamosi nikaenda Hounslow kwa Mzee Haji. Kabla ya Mapinduzi alikuwa karani wa mahakama Unguja. Huku alipanga mizigo uwanja wa ndege. Nikamsimulia, kifua mbele. Akaweka kikombe chini.

"Kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Makunduchi, nyuma ya jiko la bibi."

"Na Mombasa ulikaa miaka sita. Barking unalala, Lewisham unafanya kazi. Umezaliwa mara nne?"

Mkewe akajifuta macho kwa kanga kwa kicheko. "Basi tunadaiwa zawadi za arubaini ya mtoto mara nne."

Mzee hakucheka. "Mlango ni tawi tu. Benki yenye kibali cha serikali kuu ya kule huhesabiwa ya jimbo ambalo karatasi yake ya kuanzishwa imetaja ofisi kuu, hata ikiwa na milango mia. Hicho ndicho kitovu chake. Wakili alijua, wewe hukujua, na wewe ndiye uliyesikilizwa. Huoni haya?"

Niliona, mwanangu. Chai ikanishinda. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilichutama palepale kwenye simu ya Mzee Haji.

"Zuwena, nimekosea. Mrudie wakili leo."

Akajibu, "Dada, neno hilo sijapata kulisikia kinywani mwako."

Zilibaki siku tisa muda wa kushtaki upite. Wakili akawahi. Benki nayo ikaja na maneno yangu yaleyale: tuna matawi hapa, sisi ni wenyeji. Jaji akaisoma karatasi, ofisi kuu ilikuwa jimbo jingine, kesi ikasikilizwa. Zuwena akashinda, akarudi kwake. Kuta zilikuwa zimepakwa kijani cha kuchukiza, akalala humohumo.

Sasa nisikie, na unijibu kwa Kiswahili. Usilolijua ni usiku wa kiza. Mtu au benki, usihukumu kwao ni wapi kwa mlango uliouona; uliza kitovu kiko wapi. Na mdogo wako akikutii, usidhani ndiyo umesema kweli. Huenda anakuheshimu tu, na heshima yake itamtoa nyumbani.

Mungu akupe wadogo watakaokusikiliza, na akujaalie kuwaambia "nimekosea" kabla siku tisa hazijaisha. Amin.