Ndege ya Wifi

Wifi yangu hakuwa nesi. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana watu wamelizungusha sana, na mimi nikisikia mtu analikosea napandwa na hasira. Wifi, mke wa kaka yangu, kazi yake ilikuwa kutia sauti. Ile tamthilia ya madaktari wanaokwenda na ndege kuokoa watu porini, iliyokuwa inatukalisha wote mbele ya televisheni kila jioni, ilitengenezwa na watu wa mbali kwa lugha yao. Hapa kwetu kulikuwa na kampuni ndogo inayoigeuza Kiswahili. Yule nesi wa simu ya upepo, anayewasikiliza wenye shida na kuwapa moyo mpaka ndege ifike, midomo ilikuwa yake lakini sauti ilikuwa ya wifi.

Nilimfuata kazini siku moja kumpelekea gauni. Chumba chenyewe kama stoo, kuta zimebandikwa magodoro, feni imezimwa kwa sababu maiki inadaka kila kitu. Wifi kavaa hedifoni, jasho linamtiririka, macho kwenye skrini anaikimbiza midomo ya yule mwanamke. Akimaliza kabla yake, wanarudia. Tumbo likinguruma, wanarudia. "Ndiyo maana sinywi soda mchana," aliniambia. Nikamwambia kumbe kuokoa watu ni kazi ya njaa. Tulicheka mpaka fundi mitambo akatutoa nje.

Lakini sauti, jamani! Nyororo, ya taratibu, mtu akiisikia anakaa chini mwenyewe. "Tulieni. Mlazeni, msimtikise. Ndege iko njiani." Kila kipindi lazima aseme hivyo, na kila kipindi ndege inafika. Watoto wa mtaani walimwita Sista. Na kwao wifi, huko mbali ambako barabara ni jina tu, mama yake alishawatangazia watu kwamba binti yake anafanya kazi na madaktari wa ndege. Nilimwambia, "Wifi, hebu mweleze mama yako vizuri." Akanijibu, "Nimemweleza mara ngapi? Anasema, 'Mwanangu una adabu, hupendi kujisifu.'" Basi likawa jambo la kuchekea tu.

Siku simu ilipoita alikuwa kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimemsimamisha juu ya kigoda, nampindia pindo, pini zimejaa mdomoni. Alikuwa mama yake, analia hadi mimi niliyechuchumaa chini nikamsikia. Mdogo wake wifi, mtoto wa kiume pekee wa nyumba ile, alikuwa juu anapigilia mabati ya nyumba ya mama. Kateleza. Kaangukia mawe. Damu inamtoka sikioni. "Tumpeleke wapi, mwanangu? Tumpeleke wapi?"

Wifi alitetemeka mpaka gauni likawa linacheza mkononi mwangu. Kisha, sijui ndani yake kulitokea nini, akafumba macho, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayetetemeka. Ilikuwa ile ya kwenye televisheni. "Tulia, mama. Mlazeni, msimtikise. Ndege iko njiani." Mama akaacha kulia papo hapo. Simu ikakatika.

Nilizitema pini. "Ndege gani, wewe?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nilitaka tu atulie. Alikuwa analia, wifi. Nilitaka atulie."

Akapiga tena, mtandao hakuna. Akapiga hospitali ya wilaya, wakamwambia gari la wagonjwa liko gereji. Akapiga uwanja wa ndege, naapa, wakamuuliza kama anataka tiketi. Alizunguka chumbani kwangu na lile gauni, pini zinamchoma miguu, wala hasikii. Mimi nilijua na yeye alijua, lakini tuliendelea kupiga, kwani ungefanya nini kingine? Jioni mtandao ulirudi, na aliyepokea hakuwa mama. Alikuwa jirani, akatuambia poleni.

Nilisafiri naye kwenda kuzika. Watu walipopungua pale msibani, mama alimwita chumbani kwake, chumba ambacho nusu ya paa haikuwa na bati bado. Akamkalisha kitandani, akamshika mikono. Mimi nilikaa mlangoni.

"Usijilaumu, mwanangu," mama alisema. "Najua ulihangaika. Na sisi tulijitahidi. Tuliwafukuza ng'ombe wote pale uwanja wa shule, tukatandika shuka jeupe ili rubani atuone. Tukamlaza kama ulivyosema. Hatukumtikisa hata kidogo. Labda walipotea. Waambie wenzako kazini sina kinyongo nao."

Nilimtikisia wifi kichwa anyamaze, na sioni haya kulisema. Ningekuwa mimi, ningenyamaza mpaka kaburini. Yeye hakunyamaza. Aliongea kwa sauti yake ya siku zote, ile ya kukwaruza kidogo tuliyoizoea nyumbani.

"Mama, hakukuwa na ndege. Ile ni tamthilia. Mimi nasoma tu ninachoandikiwa. Ndege haikuwepo, mama. Haijawahi kuwepo."

Mama hakupiga kelele. Aliiachia mikono ya wifi polepole, akaiweka yake mapajani.

"Lori la mchanga lilikuwepo," alisema mwishowe. "Dereva ameshawasha, mdogo wako yumo ndani, ananiomba maji. Mimi ndiye niliyewaambia wamshushe."