Domisiana Aliyekataa Kufungua Lango

Mwaka wa tisini na nne, wakimbizi wa vita walipovuka mpaka na kufurika kwetu Kasulo, walikuja na kile walichoweza kuswaga. Mbuzi na ng'ombe waliopotezana na wenyewe wakawa wanazagaa mashambani, hadi parokia ikajenga boma la kuwahifadhi. Mshahara haukuwapo. Domisiana, mjane mwenye shamba lake la migomba, alikwenda kujitolea bila kuitwa, na waliomjua hawakushangaa, maana kichwa chake kilikuwa kigumu tangu utotoni.

Bwana mifugo Gozbert aliwafundisha waliojitolea mambo machache, akayarudia mpaka yakawachosha: nawa kwa sabuni, usiingie zizini peke yako, na mnyama anayetokwa na udenda usimtie mkono kinywani, hata awe wako. Hilo la mwisho liliwachekesha wengi. Huku kwetu ng'ombe akikabwa na kiazi, mtu hukunja shati, akaingiza mkono hadi kiwiko, akakitoa. Nani asiyejua hilo?

Mzee Karekezi alikuwa amevuka mpaka na ng'ombe mmoja, Gaju. Mkewe na wanawe walibaki njiani, na jinsi walivyobaki hakusimulia. Alimweka Gaju bomani, akawa anakuja kumtazama kila siku.

Asubuhi moja Gaju alikutwa ameinamisha kichwa, udenda unamchuruzika, hawezi kumeza. Domisiana akamtenga katika zizi la pembeni, akafunga lango kwa mnyororo, akatuma mtu hadi Rulenge, alikokaa Gozbert, akamwite. Mara mzee akafika, anakunja shati.

"Shikamoo, baba. Leo huingii."

"Marahaba. Kiazi kimemkwama, mwanangu. Fungua."

"Sifungui mpaka bwana mifugo aje."

"Atamkuta amekufa."

Maneno hayo yalimchoma. Kama kweli kilikuwa kiazi, basi alikuwa anamwua ng'ombe wa mtu asiye na mbele wala nyuma, tena huku akitazama. Aliogopa. Watu waliokusanyika wakasema ana roho mbaya, eti anawachukia wakimbizi. Akapiga moyo konde, akaketi chini, mgongo kauegemeza langoni. Mzee alimsihi, akamtukana, kisha akalia. Domisiana akalia naye, lakini hakuondoka.

Jioni Gaju alianza kulia kwa sauti ya kukwaruza, akigonga nguzo kwa pembe. Gozbert alipofika kesho yake hakuhitaji kumgusa. Kilikuwa kichaa cha mbwa, ambacho hata ng'ombe hukipata akiumwa na mbwa mgonjwa. Mate yale yangeingia kwenye mchubuko mdogo tu wa mkono, na mtu akishaanza kuugua haponi. Gaju akapigwa risasi, akazikwa na ngozi yake.

Watu wale wale wakageuka, sasa wanamsifu Domisiana. Mzee Karekezi hakumsifu. Alikaa kando ya udongo mbichi hadi wengine wote wakaondoka, akabaki yeye na Domisiana.

"Ungeniacha," alimwambia. "Nilikuwa na huyo tu."

Domisiana alikasirika, tena si kidogo.

"Sikukaa pale langoni ili wewe uje ufie hapa, baba. Humo bomani kuna mbuzi hawana mtu wa kuwalisha, na mikono yangu ni hii miwili. Kesho uje. Na utanawa kwa sabuni kama sisi wote."

Mzee alijipangusa udongo magotini.

"Hao mbuzi," akauliza, "wanakula nini?"