Msiba wa Tengeru na pampu ya Ngaramtoni

Jamani, leo nimemuua mjomba bure!

Asubuhi nilimuaga bosi kwamba naenda Tengeru kumzika mjomba. Kumbe nawahi darasani. Nasoma uzamili wa menejimenti kwa mainjinia, kwa siri. (Mjomba mzima, anauza ndizi zake.)

Mhadhiri akaomba mfano wa meneja mbovu.

Ningenyamazaje? Nikamsema bosi anayeondoka na ufunguo wa stoo mfukoni, mafundi tunabaki tunaota jua.

Darasa likaangua kicheko. Ila nyuma kabisa, mwanafunzi mpya akakohoa.

Nikageuka.

Bosi!

Yeye alituaga anakwenda kukagua pampu Ngaramtoni.

Mhadhiri akauliza, "Kwani mnafahamiana?"

Tukajibu kwa pamoja: "Hapana!"

Sasa niambieni, kesho nani aanze? Anipe pole, au nimuulize pampu inaendeleaje?