Gari la Stanislas Linatoka Garajini

Watu wa mtaa wa Panzi walikwisha kuzoea kumwona Sophie akiosha gari lisilokwenda popote. Alikuwa muuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu vinavyoanikwa juani, na mikono yake haikuacha harufu yao hata siku ya Pasaka. Lakini kila Jumamosi, akirudi kutoka sokoni, alitafuta sabuni nzuri, akainama, akaanza kusugua bati la mlango mpaka liseme kwi-kwi.

Gari lenyewe lilikuwa gari kwa jina tu. Corolla bila magurudumu, bila injini, bila viti, bila kioo hata kimoja. Lilibaki bodi tupu, karkasi kama wasemavyo mafundi, limekalia matofali ndani ya garaji ya manjanja, mabati makuukuu, iliyoegemea mlima. Wapita njia walicheka. "Maman Carine, unaosha mifupa?" Naye alijibu bila kugeuka: "Mwenyewe akirudi, hata mifupa akute iko safi."

Mwenyewe alikuwa Stanislas, mume wake, dereva wa taksi. Injini ilipomfia barabarani, alibeba sabuni na chumvi akaenda Shabunda, kwa wachimba dhahabu, afanye biashara apate injini nyingine. Carine, mtoto wao, alikuwa darasa la kwanza. Sasa Carine anashona magauni ya maharusi, na baba hajarudi. Simu yake iliita majuma machache bila kupokelewa, kisha ikazimika kabisa. Mtu mmoja alileta habari kwamba shimo lilifunika watu huko. Mwingine aliapa kwamba alimwona mjini Mwenga, amenenepa, ana mke mwingine. Sophie alizipokea habari zote mbili sawasawa, kama mtu anayepokea mvua: haulizi imetoka wingu gani.

Wazee wa ukoo walikuja kutoka Nyangezi wakitaka kuweka matanga, ndugu yao apumzike. Sophie aliwapikia bugali na nyama, akawamiminia kasiksi, pombe ya ndizi, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia, "Wazee wangu, mutu hawezi kuzika uvumi." Nani angembishia? Walimaliza kasiksi yao wakaondoka.

Hata hivyo gari lilikuwa likiondoka kidogo kidogo. Magurudumu yalitoka mwaka Carine alipougua. Viti vilifuata, kisha milango ya nyuma. Kila kilichotoka, Sophie alikisindikiza mpaka barabarani, halafu akarudi kuosha kilichobaki.

Kilichombana ni cherehani. Ilikaa kati ya vitanda viwili, na maharusi walipimwa viuno wakiwa wamesimama mlangoni, bega moja ndani, lingine kwenye mvua. Carine hakuomba garaji. Ni Steve, fundi wa kuchomelea chuma, aliyesema: "Maman, unipe ile karkasi nitoe mbabula. Miye nitakutengenezea mulango ya chuma, binti afungue atelier yake ya kushona humu." Mbabula ni majiko ya makaa, na Steve aliona mbabula katika kila bati lililolala. Sophie alifikiri siku nyingi. Mwishowe akakubali. Chuma ni chuma, alijiambia. Mtu si chuma.

Siku yenyewe njia ilikuwa matope matupu, na lori la Steve likagoma kushuka. Likabaki juu, kwenye barabara kubwa. Basi gari lingepanda kwa mabega. Steve alikuja na vijana wake, na Ezéchiel, mdogo wake Stanislas, akaja kusimamia. Walipitisha miti miwili mirefu ya mikaratusi ndani ya gari, ikaingia dirisha la nyuma na kutokea dirisha la mbele, wakaikaza kwa kamba chini ya paa. Wabebaji wengine walisimama nyuma ya gari, upande wa mlango wa garaji. Wengine wakaingia ndani kabisa ya garaji, wakasimama palipokuwa na injini.

"Leo siye njo moteri!" akapiga kelele Luc, mmoja wa vijana.

"Moteri gani inakunywaka chai na mukate?" mwenzake akauliza.

"Iko occasion, mutumba ya Ulaya, masta, vumilia!"

Watu wakacheka. Sophie mwenyewe akatabasamu, kiganja mdomoni.

"Un, deux, trois!"

Gari likainuka likilia kama mlango wa zamani, matofali yakabaki peke yake sakafuni. Wa nyuma wakaanza kutoka polepole. Na kwa kuwa Stanislas aliliegesha pua ikitazama ukuta, lilitangulia kutoka nyuma yake, mkia kwanza.

Hapo Sophie akaona. Miti miwili. Mabega. Miguu mingi ikipapasa njia pamoja. Ilikuwa kipoyi, machela ya milimani kwao, kule gari la wagonjwa lisikofika. Na mtoto wa kwao, kabla hajajua kuhesabu, anajua hili: mgonjwa hubebwa kichwa kikitangulia, maiti hubebwa miguu ikitangulia. Alipokuwa mdogo aliwahi kuona wabebaji wakikosea. Mama wa mgonjwa aliwarudisha mlima mzima mpaka mlangoni kwake, waanze upya, na hakuna aliyenung'unika.

"Musimame!"

Wakasimama, mishipa ya shingo imewatoka.

"Mumugeuze," Sophie akasema. "Kichwa kitangulie."

"Kichwa ya nani, Maman?" Steve akauliza, akihema chini ya mti. "Gari haina kichwa, haina miguu. Hizi ni mbabula zenye hazijazaliwa!"

Mmoja akaanza kucheka, akaona uso wa Ezéchiel, akameza kicheko chake.

"Muweke chini," Ezéchiel akasema.

Wakaliweka, nusu ndani nusu nje, mkia kwenye mwanga, uso gizani. Steve akapima kwa mikono, ukuta huu hadi ule. Garaji ilijengwa kwa kipimo cha gari na mtu mmoja mwembamba. Kuligeuza humo, haiwezekani. Kubomoa ukuta wa upande wa pua, mlima ungeingia. "Labda niikate vipande humu ndani..." Sophie alimtazama, na Steve akatazama viatu vyake.

Ezéchiel akamsogelea shemeji yake. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Shemeki, unisikilize. Stani alikuwa anatosha gari humu namna gani kila asubuhi? Marche arrière, kinyumenyume, si ndiyo? Anageuza shingo, anapiga honi, kuku zinakimbia. Gari hii haijatokaka kichwa mbele hata siku moja. Basi, tuiache itoke vile inazoea."

Watu wakashusha pumzi. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa huruma. Mlango ulikuwa umefunguliwa, mpana wa kutosha. Sophie angeweza kupita hapo na kesho aendelee kungoja kama jana, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ezéchiel," akasema, "asubuhi zile, mangaribi ikifika alikuwa anarudia nyumbani."

Aliingia ndani akijibana kati ya ukuta na bati. Vijana wakampisha. Akaweka kiganja kwenye pua ya gari, pale taa zilipong'olewa, akasema maneno machache kwa Kishi, lugha ya kwao. Luc, aliyekuwa karibu naye, hakuyasimulia kamwe. Sophie alipotoka alikuwa amefungua kitambaa cha kichwa.

"Mubebe. Itoke vile iko."

"Miguu mbele?" Ezéchiel akauliza, chini chini.

"Miguu mbele. Tumusindikize."

Ezéchiel akavua kofia. Safari hii hakuna aliyehesabu un, deux, trois. Waliinama pamoja, wakainuka pamoja, gari likatoka lote kwenye mwanga na kuanza kupanda. Sophie alifuata pekupeku. Carine alitoka nyumbani na pini za kushonea zingali kifuani mwa blauzi, akamshika mama yake mkono. Wanawake wa jirani walipoona Sophie anavyotembea, waliacha vyungu motoni wakaingia nyuma yake. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea kwa sauti za chini. Pikipiki iliyokuwa ikishuka ikazima injini na kusogea pembeni.

Karibu na barabara kubwa, mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi kichwani aliuliza, kwa mshangao tu, "Maman, hii gari ya nani, yenye munabeba hivi?"

Sophie alifungua mdomo. Neno lililokuja lilikuwa halijawahi kupita hapo.

"Ya marehemu bwana yangu," akasema. "Stanislas."

Yule mama akatua kikapu kwenye matope, akaunga msafara. Carine, ubavuni mwa mama yake, akaanza kulia kwa sauti katikati ya njia, na mama yake hakumnyamazisha.