Pengo la Kinanda

Jumanne asubuhi, fundi cherehani ambaye duka lake linatazamana na mlango wangu hapa Nyamirambo, Kigali, aliniita nilipokuwa narudi na mkate. Alikuwa ameshika suruali mbili za mtu mzima, moja ya kijivu na moja nyeusi, na hakujua azifanye nini. Mwenyewe alizileta wiki mbili zilizopita zipunguzwe kiuno, maana ugonjwa wa figo ulikuwa umemkondesha, akasema atazipitia Jumamosi. Hakuja. "Yule mzee wa kinanda ametutoka," fundi aliniambia. "Jana mchana, hospitali. Hizi sasa nimpe nani?" Nilimwambia azipige pasi, azikunje, tuzipeleke pamoja msibani. Tulifanya hivyo, na nitalifikia.

Marehemu alikuwa mpiga kinanda. Siku za kazi alitengeneza redio na vipaza sauti katika chumba kidogo mtaa wa Muhima, na Jumamosi alipiga kwenye harusi. Alikulia Bujumbura kama wengi wa rika letu, na aliporudi huku Rwanda alikuja na kinanda kimoja cha Kijapani, cheusi, kilichosafiri kwenye lori juu ya magunia. Kilikuwa na sauti thelathini na mbili, majina yake yameandikwa ubavuni kwa Kiingereza. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo alizijua sauti zake kwa namba. Namba nane ilikuwa tarumbeta. Mtu aliyewahi kusikia tarumbeta ya kweli angecheka, kwa sababu namba nane ilikuwa nyembamba na ilipitia puani, kama mtu anayeimba huku ana mafua. Kwa sauti hiyo alipiga kile kipande kifupi ambacho mtu yeyote wa Kigali mwenye umri wangu anakijua, kinachofungua ule wimbo wa harusi kabla mwimbaji hajaanza. Noti nne zinapanda kama ngazi, halafu kimya kidogo, halafu noti mbili zinashuka. Kwenye kile kimya watu hupiga kofi moja. Hakuna aliyewafundisha, lakini ukumbi mzima hupiga kofi hilo kwa pamoja, hata watoto.

Miaka mingi iliyopita niliandika katika safu hii kuhusu vipande vya kinanda ninavyovipenda. Wasomaji wa zamani watakumbuka. Niliandika juu ya zile sauti za kinanda katika nyimbo za dansi za Kikongo zinazodondoka kama matone ya maji kwenye bati, juu ya zile za taarabu zinazojifanya fidla kumi wakati anayepiga ni mtu mmoja aliyevaa kofia, na juu ya kinanda cha kwaya kinachovuta pumzi kama kodiani. Nafasi ya kwanza nilimpa mzee wa namba nane, kwa sababu ya lile pengo lake. Niliandika kwamba mpigaji mdogo angejaza kila nafasi, lakini huyu alikuwa na busara ya kunyamaza. Niliandika aya nzima juu ya busara hiyo. Sikusoma muziki, wala sikusoma sana kitu kingine chochote, lakini siku hiyo niliandika kama mtu aliyesoma. Wasomaji walifurahi kuliko walivyowahi kufurahia kitu changu. Kinyozi mmoja wa hapa mtaani alikikata kile kipande cha gazeti akakibandika ukutani pembeni ya kioo. Jambo moja sikulifanya: sikwenda kumuuliza mwenyewe. Na kutoka kwangu hadi Muhima siyo safari.

Alikuja yeye. Alikuja na gazeti limekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, akakaa, akakubali chai, akanipa habari za watoto wake wote kwanza. Kisha akalitoa gazeti. Vibonyezo vya kinanda yeye aliviita meno, na ilinichukua muda kuelewa anasema nini.

"Mwandishi, umeandika vizuri," alisema. "Lakini ile jino ilikuwa imekufa."

Alinieleza bila haraka. Studio waliyoipata yeye na bendi yake ilikuwa yao kwa mchana mmoja tu, na bendi nyingine ilikuwa tayari mlangoni na ngoma zao. Walipowasha kinanda, jino moja lilikataa kulia. Vumbi la safari lilikuwa limeingia ndani, na kukifungua kinanda kulihitaji muda ambao hawakuwa nao. Basi kila alipofika kwenye jino lile aliliruka, kidole kikibaki hewani. Wimbo ukarekodiwa hivyo, ukatoka redioni hivyo. Nilimwambia, nikidhani namfariji, kwamba hata kama ni bahati, imetoka nzuri. Alitikisa kichwa. Kipande kile, alisema, hakukitunga. Alikichukua kwa mama yake, aliyekuwa akikiimba puani kila alipochambua maharage uani kwao Bujumbura. Mama hakuwahi kuusikia wimbo redioni, alikufa kabla.

"Pale kwenye pengo mama alikuwa anapanda juu kabisa," alisema. "Wewe umeandika eti nilinyamaza kwa akili. Mimi nilimnyamazisha mama sababu ya vumbi. Andika hiyo. Mistari miwili inatosha."

Nilimuahidi nitaandika.

Mwaka ule ule nilialikwa kwenye harusi moja mchana, katika ukumbi hapa hapa mtaani, naye ndiye alikuwa kwenye kinanda. Alikuwa ameshalitengeneza lile jino. Alilisafisha, akalibandikia kijikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara mahali pa kipande cha mpira kilicholika chini yake, na likawa linalia sawasawa. Maharusi walipoingia akapiga kipande chake, na safari hii hakuruka. Noti nne zilipanda, ya tano ikapanda juu yao. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Ilikuwa kama mtu aliyefika juu ya kilima akaona upande wa pili. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umeshainua mikono, na kofi likaangukia juu ya noti ile ile likaizima. Watu wakacheka. Wengine wakadhani mzee amekosea. Kijana aliyekuwa akiongoza sherehe alishika kipaza sauti, na kwa heshima kabisa, akiwa anatabasamu, akasema: "Muzee wetu amesahau wimbo wake. Muzee, pale hakuna kitu. Pale tunapigaka makofi. Hata kwenye gazeti waliandika."

Marehemu alitazama meza moja baada ya nyingine mpaka akaniona. Mimi nilitazama chupa yangu ya fanta. Akarudia kipande tangu mwanzo, akaliacha pengo, watu wakapiga kofi lao wakaridhika, harusi ikaendelea.

Mngedhani baada ya hapo nilikwenda nyumbani nikaandika. Sikuandika. Mwanzo nilijiambia nimesahau, na labda wiki moja au mbili ilikuwa kweli. Baadaye niliona haya. Ile makala ndiyo watu waliyonijua kwayo. Nikikaa kwa kinyozi wageni walionyeshwa ukutani, kisha wakaonyeshwa mimi. Kuandika kwamba nilitunga ile busara kichwani mwangu kungekuwa kuibandua pale ukutani kwa mkono wangu. Yeye hakukasirika, au hakunionyesha. Aligeuza jambo lile kuwa salamu. Tulipokutana hakuniuliza hali. Aliniuliza, "Jino langu liko wapi?" Siku moja nilikuwa stendi ya Nyabugogo napigania nafasi ya basi la Huye, katikati ya wachukuzi na mabegi yao, nikasikia sauti yake nyuma ya magunia ya viazi: "Mwandishi! Jino!" Mchukuzi mmoja alimwangalia kwa huruma, akamwelekeza kwa daktari wa meno. Tulicheka sana siku ile. Nilimwambia wiki ijayo, mzee, wiki ijayo, naye akajibu kwamba hata wiki ijayo atakuwa bado ana meno.

Nimefikiria sana siku hizi juu ya vinanda vile. Vipande vingi tunavyovipenda vilitoka kwenye upungufu. Bendi haikuwa na wapiga tarumbeta, ikanunua kinanda chenye tarumbeta ya mafua, nasi tukayazoea yale mafua mpaka tukayapenda. Siku hizi vijana wana sauti maelfu ndani ya kompyuta moja, na nimesikia wanatafuta humo namba nane ya zamani, ile mbovu, ili nyimbo zao zifanane na za harusi za wazazi wao. Na lile pengo wanaliweka pia. Vinanda vyao vina meno yote, lakini pale wanaruka. Siwalaumu. Lile kofi sasa ni la watu, na sidhani marehemu alitaka kuwanyang'anya. Alichotaka ni kidogo kuliko hicho. Alitaka ijulikane nani alifanya nini: vumbi lilifanya kazi ya vumbi, yeye alifanya kazi ya fundi aliyeishiwa na muda, na mama yake alifanya ile iliyobaki. Mimi nikaja nikampa sifa isiyo yake, na kwa kumpa hiyo nikamnyima ile moja aliyoiomba. Nilikuwa nadhani anayesifiwa hawezi kudhulumiwa. Anaweza.

Alhamisi tulimzika. Msemaji wa familia alisoma wasifu vizuri, na mwishoni akasema yale maneno tunayoyasema kwa kila marehemu, kwamba ameacha pengo lisilozibika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa natazama chini, kwa sababu pengo lake nililijua, na lilikuwa linazibika. Lingezibwa na mistari miwili, wiki yoyote, katika miaka yote hiyo ambayo nilikuwa nalipwa kuandika mistari.

Baada ya mazishi tulikwenda nyumbani kwao, mimi na fundi cherehani, na zile suruali zimekunjwa ndani ya karatasi. Mjane alizipokea, akazipapasa kiunoni mahali pa mshono mpya, akamshukuru fundi. Kinanda kilikuwa mezani pembeni ya ukuta, kimefunikwa kitambaa cheupe. Alinitazama kidogo, akasema, "Alisema iko siku utakuja na gazeti." Nikamwambia sikuja nalo. Kila kitu kingine nilichokuwa nacho kilikuwa kisingizio. Hakunilaumu. Alikifunua kinanda, akachomeka waya, akageuza mpaka namba nane, akatafuta kwa kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango katika safu ya milango inayofanana. "Ni hii," alisema, akabonyeza. Ililia vizuri, kwa ile sauti yake ya puani. Aliishikilia muda mrefu. Chumba kilikuwa kimejaa watu wanaojua wimbo ule, na hakuna aliyepiga kofi.

Nimejifunza jambo dogo, nami nalisema kama lilivyo: ukitaka kumsifu mtu, nenda kwanza umuulize alifanya nini, na akikusahihisha, sahihisha siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye ndiye anayeishi ndani ya sifa hizo, wewe umepita tu. Kwa kinyozi nimeshakwenda. Karatasi ilikuwa imekuwa ya njano, ikatoka ukutani bila kupasuka. Mistari miwili aliyoiomba marehemu ni hii.

Katika wimbo ule jino la noti ya tano lilikuwa limekufa, na mpigaji aliliruka kwa sababu halikulia.

Pale mama yake alikuwa anapanda juu kabisa.